Muulize Shangazi: Nyumba imetujaa, tutoe nini tuache nini

Assalaam alaykum wasomaji wangu. Shaabani ishaingia na kila mtu kashika fagio, ndo maana barua za safari hii karibu zote zinasema lile lile, vitu vimejaa ndani na mtu hajui aanzie wapi. Nimechagua chache na nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Mie kabla ya kuuliza kitu kinafaa au hakifai nauliza kwanza cha nani, mtaona kila jibu naanzia hapo.

Shangazi shikamoo. Mie naishi Mwanakwerekwe, nyumba ya kukodi vyumba viwili na ukumbi, mwaka wa tatu huu toka niolewe. Tatizo langu zawadi za harusi. Nna chupa za chai saba, seti za vikombe hata sizihisabu, mahotipoti, mashuka hayajafunguliwa mpaka leo na mazulia yamekunjwa chini ya kitanda. Mtoto anaanza kutambaa hana pahala. Nataka nitoe lakini vingi katoa mama mkwe na mawifi, na wao wakija wanatizama. Wifi mmoja keshauliza "ile seti yangu ya maua mbona siioni mezani". Nifanyeje nisionekane sina adabu? (Mwali wa Mwanakwerekwe)

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Nikutoe hofu kwanza, zawadi ukishakabidhiwa ni yako, masheikh wetu wanasema hiba ikishashikwa na aliyepewa imetimia, kwa hiyo kisheria wifi hana seti hapo, ana maneno tu. Lakini najua maneno ya wifi yana uzito wake katika nyumba, kwa hiyo hatutoi kibabe.

Fanya hivi. Katika watu wa karibu, yaani mama mkwe, mawifi, mama yako, chagua kitu kimoja kimoja cha kila mtu ukiweke kinapoonekana na ukitumie. Sio ukifungie kabatini, ukitumie. Hiyo seti ya maua itoe leo hii iwe ndo ya chai ya kila siku na wifi akija mtilie humo humo. Atafurahi, na vikombe vikitumika huvunjika vyenyewe kidogo kidogo, na kikombe kilichovunjika wakati unamtilia chai wifi mwenyewe hakina kesi. Vilobaki vya mtu huyo huyo unaweza kuvitoa na wala hatouliza, kwa sababu anachotafuta yeye ni kuona kuwa umethamini, haji na daftari.

Sasa chupa za chai. Saba za nini, hata siku ya maulidi huzijazi zote. Zijaribu kabla hujachagua, zijaze maji yanayochemka usiku, funga, baada ya muda pitisha kiganja nje ya kila moja. Ile iliyopata moto ubavuni ishakufa, ule utupu baina ya kuta zake mbili umeingia hewa na haitoshika joto tena, hiyo usimpe mtu ukasema umetoa sadaka. Kama ni ya kioo itikise taratibu kabla hujatia maji, ukisikia chakacha chakacha kioo kimepasuka ndani, itupe usije ukamnywesha mtu vipande. Zilizo nzima weka mbili, ya nyumbani na ya wageni.

Halafu kuna jambo hujaniandikia lakini nakuhakikishia lipo. Chukua kila sahani, kila sinia, kila sufuria kubwa, geuza chini. Utaona alama za rangi ya kucha, nyekundu, buluu, au herufi mbili za jina la mtu. Hizo sio zako! Zimekuja na biriani ya arusi ya fulani au zimebebwa kimakosa kwenye hitima na zikakaa, na mwenyewe anazitafuta mtaa mzima kila akikodiwa vyombo vyake. Katika makabati mengi niliyoyaona ya mjini hapa robo ya vyombo vina wenyewe nyumba ya pili. Zirejeshe, tena zirejeshe na kitu kidogo ndani, vitumbua hata viwili, hairejeshwi sahani tupu. Utashangaa kabati lilivyopumua kabla hata hujafika kwenye zawadi.

Vya kutoa mpe bi harusi anaeolewa karibuni kwenye ukoo wenu, lakini angalia usimpe mtu wa upande ule ule seti ikarudi kwa aliyeitoa. Na tizama ndani ya boksi kama kuna kikadi cha "mungu awape kheri" chenye jina, wangapi wameumbuka kwa kikadi.

Mazulia ya chini ya kitanda yatoe juani leo, na hewa yetu hii ya bahari zulia lililokunjwa linaota ukungu ndani na wewe hulioni, na mtoto wako analala juu yake. Likinuka ukungu hata baada ya kulianika siku mbili tatu, hilo ndo la kwanza kutoka.

Shangazi chei chei. Nakuandikia kutoka Wete. Mume wangu hatupi kitu. Nyuma ya nyumba kuna mafriji mabovu mawili, tivi za chogo, tairi, mabati, waya, injini ya boti iliyokufa na vyengine hata jina sivijui. Nikisema ananambia ipo siku itafaa. Juzi nimemtafuta mtoto mpaka nikachanganyikiwa kumbe kajificha ndani ya friji wanacheza kibe. Nimechoka, nataka siku akisafiri niite watu wa vyuma chakavu wazoe vyote. (Mama watoto, Wete)

Subiri kwanza. Kuna mambo mawili hapa usiyachanganye.

La friji halingoji ruhusa ya mtu. Ukimaliza kusoma hapa chukua bisibisi utoe skrubu za bawaba mlango utoke, milango yote miwili, na rafu za ndani zirejeshe zijaze nafasi. Friji likijifunga na mtoto yumo hewa haiingii na sauti haitoki, unaweza kupita pale ukamwita na asisikike. Friji la zamani lenye kitasa ndo baya zaidi lakini hata hili la mpira wa sumaku mtoto mdogo hana nguvu za kulisukuma akishatishika. Zile bomba za nyuma usizikate wala usimwache mtu azikate, mna gesi, hiyo kazi ya fundi wa mafriji. Bwana akikasirika mlango umetoka mwambie Shangazi kasema.

La kuzoa vitu vyake akisafiri, hapana mwanangu. Vile ni vyake. Wewe akikuuzia kanga zako za sandukuni siku umekwenda kumuuguza mama yako utamwambiaje? Na niseme ukweli, mie nusu ya moyo niko na bwana. Mtu wa Pemba anaeweka injini mbovu sio mpumbavu, spea ikikosekana Wete mpaka uagize Unguja au Dar na ingoje meli, na bolti moja ya kwenye injini ile imeokoa kazi ya siku nzima ya mtu. Kwa hiyo usimwambie "tupa", mwambie akuoneshe kona moja ya ua, tieni bati juu, chini tofali ili mchwa na maji yasipande, na kinachoingia kwenye kona hiyo ni chake na hutokisema tena. Kisichoingia kinatoka. Atachagua mwenyewe, na mwanamume akichagua mwenyewe hutoa vingi kuliko ukimlazimisha.

Tairi lakini zikatae kabisa, na makopo na madishi yanayoshika maji. Mbu wa homa ya dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anaeuma mchana, anapenda maji safi yaliyotulia ya ndani ya vyombo, na tairi ndo nyumba yake ya kifahari. Dar walipigwa na homa hii 2014 wakapigwa tena 2019. Na watu wengi hawalijui hili, kumwaga maji peke yake hakutoshi, mayai yake hugandia ukutani mwa chombo pale juu ya maji na yanastahmili ukavu miezi, mvua ya mwanzo ya masika ikijaza yanaanguliwa. Tairi itoke, au itobolewe na ijazwe mchanga upande maua. Najua utanambia Shangazi maji ya mfereji kwetu ya zamu, ndoo na mapipa hatuwezi kutupa, sawa, hayo yaweke lakini yafunike vizuri na kila wiki uyasugue kuta za ndani kwa brashi.

Tivi za chogo msizivunje kutafuta shaba, kile kioo kinene cha nyuma kina madini ya risasi na si vumbi la kucheza mtoto. Waya nao msiuchome. Watu wanachoma waya uani kuondoa plastiki wapate shaba, moshi ule mweusi ni sumu tupu na unaingia kwenye nyumba ya jirani na kwenye nguo zilizoanikwa, uchuneni kwa kisu. Na siku mkikubaliana kuuza tengeni shaba peke yake, alumini peke yake, chuma peke yake kabla mizani haijafika, mnunuzi akikuta umechanganya atakupimia vyote kwa bei ya chuma na shaba ndo yenye pesa.

Shangazi, mama yetu alifariki mwaka jana. Nyumba iko Kikwajuni, mie ndo naishi hapo na mke wangu na watoto. Wenzangu wawili wako Maskati, mmoja Uingereza, dada yetu yuko Fuoni. Chumba cha mama hakijaguswa, kuna kasha lake, kitanda cha samadari, kanga sanduku mbili, vyombo, makaratasi, dawa. Watoto wangu wanalala ukumbini. Nikitaka kusafisha dada analia, wa Uingereza anasema kisiguswe kitu mpaka aje na toka mwaka jana anasema hivyo. Nna haki ya kutoa? (Mwana wa nyumba)

Allah amrehemu mama yenu. Haki ya kutoa peke yako huna, hata ungo. Kila kitu cha mama toka siku ile ni mirathi, na mirathi ina mpango wake, gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama aliacha na usizidi theluthi, kilobaki kwa warithi, na nyinyi watoto mwanamume hisa mbili mwanamke moja. Kama baba yenu au babu au bibi mzaa mama alikuwa hai siku mama anafariki nao wana fungu lao. Watu wakisikia mirathi wanafikiria nyumba na shamba la karafuu tu, lakini kinu na mbuzi ya kukunia nazi navyo vimo humo humo. Na ndugu yako wa Uingereza nae hana haki ya kuvifungia vyote, kuchelewesha mirathi si jambo la kujivunia.

Kwa kuwa nyote wakubwa, mna wepesi. Mnaweza kukubaliana mnavyotaka, huyu achukue kasha yule achukue kitanda, mwengine asamehe, ilimradi kila mtu karidhia kwa ulimi wake. (Angekuwepo mrithi mdogo mambo yangekuwa mengine, haki ya mtoto hakuna wa kuisamehe kwa niaba yake.) Muite dada yako aje, msiingie chumbani na mkeo peke yenu hata kama mna nia njema, muingie wewe na dada, kila kitu kitoke kipigwe picha kitiwe kwenye grupu la familia, na muandike. Toeni siku ya mwisho ya kusema anachokitaka mtu, mwezi mmoja unatosha. Mkishindwana kuna Kadhi na kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kazi yao ni hiyo na si aibu kwenda.

Anzeni na makaratasi. Hati ya nyumba, vyeti, risiti, kitabu cha benki, deni alilodai au alilodaiwa. Fungueni kila bahasha, tizameni ndani ya misahafu na chini ya magodoro, mama zetu hawakuwa na benki nyengine. Mkikuta barua au vitabu vya zamani vya mkono kwa herufi za Kiarabu msivitupe kwa kuwa hakuna anaeweza kusoma, wapelekeeni watu wa Nyaraka pale Kilimani wavitizame, huenda ni Kiswahili cha babu yenu.

Kasha nalo, nakuomba. Atakuja mtu barazani, mpole, mwenye lugha nzuri, atasema bao hili limeliwa na mdudu lakini ntakusaidia kuliondoa. Usiuze kwa wa mwanzo. Kasha la zamani lenye misumari ya shaba na vidroo vyake huuzwa Mji Mkongwe kwa bei ambayo wewe ukiitajiwa utakaa kitako. Lisipakwe vanishi, lisisuguliwe kwa msasa. Na litieni mkono ndani kwenye kile kisanduku cha ubavuni, makasha mengine yana droo ya siri chini yake, ukiisukuma ubao wa mbele unapanda.

Kanga kwa kweli ziachieni dada. Sio sheria, ni mimi tu. Agawe yeye kwa shoga zake mama na mawifi, na machozi yake yatapata kazi.

Dawa msigawe kwa majirani hata kama sanduku halijafunguliwa, dawa ya presha ya mtu mmoja ni maradhi ya mwengine. Zipelekeni duka la dawa au hospitali muulize wazipokee.

Godoro alilouguzwa nalo, mashuka na nguo za ndani, hivyo vitoke kwanza mkishakubaliana na hakuna wa kuvigombania, na hapo chumba kishafunguka nusu.

Asalaam alaykum Shangazi. Nna juzuu na misahafu imechanika ya watoto toka wakisoma chuoni, imejaa mfuko, naogopa kuitia jaani. (Bububu)

Waalaykum salaam. Umefanya vizuri kuogopa. Inayosomeka mpe maalim wa chuo aitie gamba upya, watoto wapo wanaosoma watatu juzuu moja. Isiyosomeka wanavyuoni wanataja kuizika pahala safi pasipokanyagwa, au kuichoma na majivu yazikwe, nao wanakumbusha kuwa sayyidna Uthman alichoma nakala zilizotofautiana. Msikiti wa mtaani kwenu muulize imamu, mingi ina utaratibu wake. Na mwambie mapema, usiutupe mfuko mlangoni ukakimbia.

Shangazi nna nguo za mtoto wangu wa kwanza nimezihifadhi kwa naftalini zisiliwe na nondo, sasa najifungua wa pili nataka nusu nimvishe nusu nitoe sadaka. Mama yangu anasema nizifue kwanza, mie naona safi tu. (Chake Chake)

Msikilize mama. Tena si kuzifua mara moja tu. Vile vidonge vyeupe mvuke wake unaganda kwenye nguo, na mtoto mchanga mwenye upungufu wa kitu kinaitwa G6PD kwenye damu, upungufu ambao huku kwetu pwani wapo wengi wenye nao na hawajui, akivishwa nguo hizo damu inaweza kuvunjika akawa manjano mpaka akalazwa. Zifue kwa sabuni, zianike juani na upepo siku kadhaa mpaka harufu iondoke kabisa, na hata hivyo mie nguo za kumgusa mwili siku za mwanzo ningemtafutia ambazo hazijaguswa na naftalini hata kidogo. Vidonge vyenyewe vitupe, mtoto mkubwa ataviona peremende. Nguo ikifuliwa ikakauka sawasawa na kufungwa kwenye chombo chenye mfuniko mzuri nondo haiipati.

Za sadaka, toa zile ambazo wewe mwenyewe ungezipokea ukipewa. Suratul Baqara aya ya 267 imelisema hili waziwazi, usiendee kibaya ndo ukitoe na wewe usingekichukua ila kwa kufumba macho. Fulana imetoboka kwapa hiyo ni tambara la kufutia, ikate leo.

Shangazi jikoni kwangu nna mfuko umejaa mifuko. (Hakuandika jina wala mtaa)

Sote tunao mwanangu. Zanzibar mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka 2006 na bado imo nyuma ya milango ya jikoni. Weka mikapu yako miwili ya ukindu ya kwendea Darajani, iliyobaki toa, na usichomee chungu.

Shangazi mambo. Nna droo nzima ya simu mbovu na chaja, na moja betri yake imevimba mpaka kava limeachana. Nitupe? Nauliza pia grupu la WhatsApp la kuuza vitu watu wananiomba bei mpaka nakasirika. (Kijana wa Michenzani)

Hiyo iliyovimba itoe kwenye droo sasa hivi kabla hujanijibu. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiichaji, usiitie kwenye ndoo ya taka, betri hizi zikitobolewa zinawaka moto na moto wake hauzimiki kirahisi, na ukitia kwenye taka inapondwa garini au inakwenda kuwaka jaani Kibele mbele ya wale wanaookota chupa. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje, mbali na jua, halafu umpelekee fundi simu unaemuamini, umwambie imevimba kabla hajaishika. Simu zilizobaki angalia ni zako zote au kuna ya mtu aliyekupa umtengenezee akasahau. Zako futa picha na namba, toa laini na memori kadi, uza kwa fundi kama spea. Chaja jaribu moja moja, isiyoingia kwenye simu yoyote ya humo ndani haina kazi.

Ya grupu, andika bei mara moja, andika "mwisho hapo", tia picha ya ule ubovu kabisa, na mtu akikuuliza "last price" usimjibu. Kikikaa siku kumi hakijauzika mpe wa mwanzo aliyekuja na gari ya kubebea.